Mbele Diski, Nyuma Dramu

Matiliku, Jumapili alasiri

Mwende wangu,

Uko nje unaliosha gari la watu kwa mara ya tatu tangu tutoke kanisani. Mimi nimekaa humu ndani ya kibanda, kwenye benchi ya kufungia lainingi, nimesukuma nyundo na riveti kando nikapata nafasi ya karatasi. Ukiingia uniulize naandika nini, nitakuambia ni ripoti ya kamati ya akina mama. Unanijua. Uongo mdogo mdogo hunitoka haraka kuliko salamu. Barua hii ni ya uongo mmoja ambao haukuwa mdogo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za watu wa Nairobi. Shangazi zako wameyamaliza hayo leo baada ya ibada, na nilikuona ukiitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku macho yako yako kwenye magurudumu. Nakuandikia kwa sababu kesho unampelekea mpwa wa Daktari hilo gari, na ukifika utabaki huko huko kwenye gereji yake, ukitengeneza magari ya zamani ya watu wenye nafasi zao. Kabla hujaenda nataka ujue kwa nini nimekuambia tangu utotoni kwamba gari jepesi halihitaji breki za diski. Nilikuwa nalisema kwa ukali, kama mtu mwenye hakika. Sikuwa na hakika yoyote. Nilikuwa naficha kitu.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara nne tangu Alhamisi, na mara zote nne nimeishia kukutania. Afadhali kalamu, yenyewe hainiulizi maswali katikati.

Baba yako alipofariki ulikuwa bado unatambaa. Alichotuachia ni kibanda hiki, benchi hii, na wateja waliomzoea yeye. Kazi ilikuwa moja tu: watu wanaleta viatu vya breki, yale mapinde ya chuma yanayokaa ndani ya dramu, bakuli la chuma la gurudumu, na lainingi zake, vile vipande vya kusugua vinavyopigwa riveti juu yake, zikiwa zimeisha, unang'oa kuukuu, unafunga mpya. Nilijifunza kwa kumwangalia yeye, kisha kwa kukosea. Riveti unaanza katikati ukienda nje, la sivyo lainingi inainuka mgongo. Ukimaliza unagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ikitoa sauti ya kopo, kuna mahali haijashika. Haya uliyajua kabla ya kujua kusoma. Usichokijua ni jinsi wanaume walivyokuwa wakija na viatu mkononi, wananiona, wanauliza, "Fundi yuko?" Nikisema fundi ni mimi, wanakumbuka kwamba wana haraka. Kuwazoesha kulinichukua miaka. Na siku zote nilijua kwamba kosa langu moja tu likijulikana, wangeambiana: si tulisema.

Ndipo akaja Daktari na lile gari. Sisi humwita Daktari ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Wakati huo alikuwa kwenye kituo cha Kiboko akifanya utafiti wa mtama. Gari alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ni hilo hilo unalolisugua sasa, gari la spoti la viti viwili, la zamani kuliko mimi, lisilo na paa, jepesi hivi kwamba wanaume wanne wakiliinua nyuma linakubali. Breki zilikuwa za dramu pande zote nne. Daktari alipenda kuliendesha milimani na alikuwa na malalamiko mawili. Akishuka mteremko mrefu, dramu zinapata moto na breki inalegea. Akivuka drifti, pale barabara inapopita ndani ya mto, dramu zinalowa na breki haishiki mpaka zikauke. Alitaka diski mbele.

Nilimwambia dramu zinamtosha, gari lenyewe halina uzito. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Gari jepesi kweli halizichoshi dramu sana, na dramu huusaidia mguu, wakati diski zinataka ukanyage kwa nguvu zaidi. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa kwamba diski hazina viatu vya kufunga lainingi. Watu wote wakihamia diski, mimi na wewe tungekula nini? Daktari alisisitiza, nami sikutaka ajue kwamba sijawahi kufunga diski hata siku moja. Nikamwambia lete.

Ulikuwa darasa la pili. Diski zilitoka kwa Athmani, mwenye duka la spea Kitui mjini. Wewe umemjua mwezi huu, lakini mimi nilinunua riveti kwake tangu baba yako akiwa hai. Alizitafuta kwa ndugu zake huko Mombasa mpaka akazipata, diski mbili na kalipa zake, yale makucha yanayozibana kwa padi. Nilizifunga kwa siku mbili. Pedali ilikaa juu, inashika ukiigusa tu, na nilijisifu moyoni. Pedali ya kushika mapema hivyo ilipaswa kunitia wasiwasi, lakini sikujua.

Daktari akaenda kulijaribu hadi Kalamba na kurudi. Jua lilikuwa kali. Alipopita hapa akirudi alipiga honi na kuinua mkono, na nyuma yake ikaja harufu. Mwende, harufu ya breki zinazoungua ninaijua tangu nilipoolewa. Niliinusa, nikajiambia padi mpya hunuka siku ya kwanza. Ningeweza kumwita asimame, alikuwa bado karibu. Lakini palikuwa na wazee wawili hapa kwenye benchi waliokuwa wakinisifu, na sikutaka kumsimamisha mteja mbele yao.

Akaanza kushuka kuelekea mtoni. Pedali ikaenda hadi chini bila kushika chochote. Tulisikia honi ndefu, kisha kishindo. Alikuwa amelielekeza gari kwenye ua wa mkonge ili asiingie na kasi kwenye drifti, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Alivunjika mguu mahali pawili. Kule kuchechemea unakokuona kulianza siku hiyo.

Gari lilipovutwa hadi hapa, nilifungua masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, nikiwa peke yangu. Ndani kabisa, nyuma ya springi, kulikuwa na kivalvu kidogo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya dawa. Kazi yake wewe unaijua: kuzuia mafuta ya breki yasirudi yote ukiachilia pedali, ili viatu vikae karibu na dramu. Kwenye dramu ni msaada. Kwenye diski ni balaa, maana padi haziachii. Zinasugua njia nzima, diski inapata moto, mafuta yanachemka, na mafuta yaliyochemka hayasukumi kitu. Nilikuwa nimebadilisha breki za mbele nikaiacha masta ikidhani bado iko kwenye dramu. Hakuna aliyewahi kunifundisha jambo hilo, na nikikaa nikafikiri vizuri, kutojua huko ningeweza kujisamehe.

Kilichofuata ndicho kigumu. Nilikirudisha kivalvu mahali pake, nikarudisha dramu, nikafuta mikono. Walipokuja kuuliza, nikasema diski zilikuwa mbovu. Nikasema zimetoka kwa Athmani.

Athmani alifunga safari kutoka Kitui. Alisimama hapo hapo uliposimama sasa na ndoo yako, amevaa kofia yake, akazungumza kwa upole.

"Mama Mwende, nionyeshe huo ubovu ulipo. Ikiwa ni wangu, nitaubeba."

Watu walikuwa wamejaa. Nikamwambia, "Mtu amelazwa hospitali, na wewe unataka kuonyeshwa?"

Akaifungua pochi yake. Alirudisha pesa za Daktari, akazitia diski na kalipa kwenye gunia, akalifunga kwa kamba ya buluu, akaondoka. Baada ya hapo, kuanzia hapa hadi mji wa Wote, watu waliambiana wasinunue breki kwa Athmani. Mimi sikulianzisha neno hilo tena, lakini kila liliposemwa mbele yangu niliinama nikaendelea kugonga riveti. Hakuna aliyesema mwanamke hawezi breki. Jina langu lilibaki safi kwa sababu yeye alilibeba doa.

Gari likakaa kwenye banda la Daktari, kuku wakitaga kwenye viti vyake, mpaka mwaka huu alipompa mpwa wake. Akanipigia simu. Akasema gari liende Nairobi likiwa zima, na habari ya breki tuamue wenyewe, mimi na wewe.

Tulibishana wiki nzima, unakumbuka. Wewe ulikuwa na hoja na mimi nilikuwa na sauti. Ukasema, "Mwaitu, hii ni barabara ya Mombasa, si njia ya kisimani. Lori likisimama ghafla mbele yangu, nataka kitu kinashika." Nikakuambia nenda ukamwulize Daktari kuhusu mguu wake. Hilo lilikuwa neno baya kulitumia, mimi kuliko watu wote. Kesho yake ukaenda Kitui bila kuniaga vizuri, ukarudi na gunia.

Nililijua kabla hujalishusha begani. Kamba ilikuwa ile ile ya buluu, imepauka. Ukanipa na salamu: "Mzee Athmani amesema nikuambie hizi hazijawahi kuuziwa mtu mwingine." Nikasema asante, nikaenda kutazama maharagwe ambayo hayakuwa motoni.

Ukazipima. Ukanijia na diski mkononi, umeipangusa inang'aa.

"Mwaitu, hii haijapinda hata kidogo. Na ile nyingine pia. Sasa mbona ulisema ni mbovu?"

"Wakati huo zilikuwa mbovu."

Ulicheka, ukadhani natania kama kawaida. Nami nikakuacha udhani hivyo.

Hapa ndipo pabaya zaidi, na nakuomba upasome polepole. Jumanne na Jumatano ulikuwa unafunga diski zile zile kwenye gari lile lile, na mimi nilijua habari ya kivalvu. Nilichotakiwa kusema ni maneno matano: fungua masta, toa kile kivalvu. Lakini ningeyasema, ungeniuliza nimejuaje, na jibu lingekuwa yote niliyoyaandika hapo juu. Jumanne nikanyamaza. Nikajiambia Jumatano nitakuambia nikikuletea chai. Nilikuletea chai, nikakuuliza kama sukari imetosha. Mtoto wangu wa pekee, na nilikuuliza habari ya sukari.

Alhamisi nilikuwa kwenye mashine ya kusaga niliposikia injini ile. Hakuna gari lingine la mlio huo katika Matiliku. Nilipofika barabarani ulikuwa umeshapita, kuelekea Kalamba, njia ile ile aliyoifuata Daktari. Nikapiga simu yako, nikaisikia ikilia humu kibandani kwenye benchi. Nikapanda boda bila kuuliza bei, jambo ambalo yule mwenye boda atalisimulia mpaka azeeke.

"Mama Mwende, kuna msiba?"

"Endesha."

Kila kona nilikuwa natazama uani kwa watu, natafuta rangi ya gari hilo kwenye majani. Nikaomba kwa sauti: Mungu, nikimkuta mzima nitasema. Mwenye boda akasema amina, hata hajui anaitikia nini.

Nikakukuta umeegesha mbele ya duka, soda iko juu ya boneti, umechuchumaa kando ya gurudumu la mbele na kiganja chako kiko juu yake. Hujui jinsi ulivyopendeza. Ukainuka haraka.

"Mwaitu? Kumetokea nini?"

Nikatazama gurudumu. Ukaushika mkono wangu ukauweka kwenye gurudumu, kama unayemwonyesha mteja.

"Shika uone. Nimekuja nikikanyaga breki kila kona makusudi, na bado ni vuguvugu tu."

Nikashika. Nikazunguka nikashika na la upande wa pili. Kisha neno likanitoka lenyewe.

"Na kile kivalvu?"

"Kipi? Hiki?" Ukaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli ukakitoa, na uzi umekizunguka. "Si nilikitoa Jumanne. Hiki ni cha dramu, kingebaki padi zingekwama."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu. Si wewe husema masta ikifunguliwa ifunguliwe mpaka mwisho, kila kitu kijieleze kazi yake? Hiki sikukielewa, nikaangalia kwa simu, nikakitoa. Halafu viatu vya nyuma nikavikaza vikae karibu, ndio pedali isishuke sana." Ukanitazama vizuri. "Kwani umekuja na boda hadi Kalamba kuniuliza hiyo?"

"Nimekuja kununua ndengu," nikasema.

Na nikazinunua, kilo mbili, mimi mwenye gunia zima la ndengu nyumbani. Ndizo tunazokula tangu siku hiyo.

Ukanirudisha kwenye gari lile, ndengu miguuni mwangu. Hapa nyumbani hukusimama. Ukasema tushuke mteremko hadi mtoni, nione. Nilitaka kukataa, sikuwa na sababu ya kukupa. Ukashuka. Pale kwenye ua wa mkonge ukakanyaga, gari likatulia taratibu kana kwamba limechoka. Ukavuka maji, ukakanyaga tena upande wa pili kabla magurudumu hayajakauka, likashika vile vile. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ukaniuliza nalia nini, nikakuambia ni upepo, gari halina paa. Mwende, sijapata nafuu kama ile tangu siku uliyozaliwa ukakawia kulia, halafu ukalia.

Lakini nilikuwa nimeomba na mtu akaitikia amina. Ijumaa nilikuambia naenda Wote kununua riveti. Nilienda Kitui. Kile kivalvu ulichokitafuta asubuhi hiyo chini ya benchi, mimi ndiye niliyekichukua.

Athmani alikuwa msikitini. Nikamngoja nje ya duka lake, na kusema kweli nilitamani sala iwe ndefu. Aliporudi alinitambua mara moja, ingawa nywele zangu si zile. Akanikaribisha ndani, akasimama nyuma ya kaunta kama mtu anayengoja kuuza. Nikaweka kivalvu mbele yake.

"Ni nini hiki?"

"Ni ule ubovu uliotaka nikuonyeshe."

Akavaa miwani. Akakigeuza huku na huku, nami nikamweleza kilikuwa wapi na kilifanya nini, na kwamba nilikiona siku ile ile, kabla yeye hajafika Matiliku. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kidogo hivi?"

"Kidogo hivyo."

"Zile diski nilizipeleka kwa fundi wa mashine wiki ile ile," akasema. "Akaniambia hazina ila. Nikajua ni jambo jingine, lakini sikulijua ni lipi."

"Mbona hukurudi kusema?"

"Niseme kwa nani, Mama Mwende? Wewe ulikuwa umeshasema." Akavua miwani. "Nilikuwa na hasira nawe miaka mingi, sitakuficha. Hata juzi binti yako alipokuja, nilimpa gunia lile nikiwa na hasira kidogo."

Nilidhani yamekwisha. Akageuka akamwita mwanawe kutoka stoo. "Salim, njoo. Huyu mama ana maneno. Mama, yaseme tena, na yeye ayasikie." Salim alikuwa sekondari mwaka ule, na wenzake walimwita mtoto wa mvunja miguu. Hilo sikuwahi kulijua. Nikayasema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu Salim alinitazama muda wote. Nilipomaliza akaingia ndani, akarudi na kiti na glasi ya maji, akaviweka karibu yangu. Athmani hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Akaniuliza gari linashika vipi sasa. Nikamweleza habari ya Kalamba, na ya mteremko, na ya maji. Akacheka.

"Si nilisema ni diski nzuri."

Jana ilikuwa siku ya soko na wewe ulikuwa umelala chini ya gari, hukusikia tulichokuwa tukizungumza hapa kwenye benchi. Niliwaambia wote waliokuwepo. Mmoja wa wale wazee wawili bado yu hai, na akasema, kama nilivyoogopa miaka yote hii, "Si tulisema." Nikamwambia kweli mlisema, sasa lete hivyo viatu nivifunge. Akavileta. Nilikuwa nimeogopa maneno mawili tu, Mwende, na yaliposemwa hayakufika hata kwenye goti.

Daktari nilimpigia simu jioni. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Mguu huu hunisumbua kila baridi ikija." Nikamwambia najua, na nikamwomba radhi. Akauliza kama ni kweli wewe ndiye uliyekitoa kile kivalvu bila kuambiwa na mtu. Nikasema ni wewe. "Basi gari alipeleke mwenyewe," akasema, "na mpwa wangu asimpe mtu mwingine kazi ya breki."

Kwa hiyo wamejua wote isipokuwa wewe, uliyestahili kujua kwanza. Nilikuogopa wewe kuliko wao. Wao wangeniona fundi mbaya, basi. Wewe ungejua kwamba mama yako alikuletea chai akanyamaza. Sina njia ya kulisema hilo likawa dogo. Nikikumbuka mkono wako ulivyokuwa kwenye gurudumu pale Kalamba, namshukuru Mungu, na hapo hapo naona aibu, na vyote viwili vinakaa pamoja bila kugombana.

Ulipoamua kubakiza dramu nyuma nilidhani umenionea huruma. Ukaniambia gari jepesi hivi halina haja ya diski nyuma, na breki ya mkono inakaa kwenye dramu, kwa hiyo si huruma. Nilifurahi kuliko ungenihurumia. Lainingi za nyuma nimezifunga mimi, riveti ya katikati kwanza. Mbele utakuwa na kazi yako na nyuma utakuwa na yangu, hadi Nairobi.

Huko utakosea, maana utakutana na magari ambayo hatujawahi kuyaona sote wawili. Kukosea hakutanishtua. Ila siku utakayoinusa ile harufu, msimamishe mtu, hata kama wamekaa kwenye benchi wanakusifu. Na ukishindwa, kama nilivyoshindwa, nipigie simu usiku huo huo uniambie. Nitakuwa mtu wa mwisho duniani wa kukugombeza.

Kivalvu kiko ndani ya bahasha hii. Athmani alinirudishia, akasema ni chako.

Umemaliza kuosha, nasikia unamwaga maji. Basi nifupishe; barua hii utaikuta usiku huu juu ya mzigo wako. Kesho asubuhi ukitoka na usinione hapa kibandani, usidhani nimekasirika au nimelala. Nitakuwa nimetangulia kwa miguu hadi kule chini, kwenye ua wa mkonge. Usisimame kunisalimia, utachelewa, na barua hii ndiyo kuagana kwangu, sitaki kuagana mara mbili. Shuka tu kama kawaida, ukanyage breki pale juu ya drifti. Nikisikia imeshika, nitapandisha kilima nikarudi nyumbani, nibandike chai.

Ni mimi mama yako,
fundi wa lainingi, Matiliku